Moto wa Jikoni Uende, wa Uani Ubaki

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Leo nataka tuzungumze habari ya moto. Sina maana ya moto wa kuunguza nyumba, wala ule wa ahera, ambao masheikh na mapadri wanaueleza vizuri kuliko mimi. Nasema moto mdogo wa kuni, unaowashwa uani au ufukweni baada ya magharibi, watu wa nyumba moja wakakaa kuuzunguka, wakala kitu, wakazungumza hata usingizi ukawashika. Wale waliopita skauti, na sisi tuliopita Jeshi la Kujenga Taifa zamani, tuliuita moto wa kambi. Kwetu Pwani ya Tanga haukuwa na jina maalumu. Ulikuwa moto tu, kwa kuwa kitu cha kila siku hakuna anayehangaika kukibatiza.

Kilichonitia katika habari hii ni mtungi wa gesi.

Mama yangu anakaa kijijini, kaskazini ya mji wa Tanga, upande wa Mkinga. Amepika kwa kuni tangu alipokuwa binti. Miaka ya karibuni alishikwa na kikohozi kisichosikia dawa ya dukani wala ya mitishamba. Tulipompeleka hospitali, daktari alimsikiliza kifua, kisha akamwuliza, "Mama, unapikia nini?" Akajibu, "Kuni, mwanangu, nipikie nini tena?" Daktari akatutazama sisi watoto, wala hakumtazama yeye. Tuliona haya. Tukachanga, tukamnunulia mtungi na jiko la gesi la kuweka sufuria mbili.

Nasema mapema, asije mtu akanielewa vibaya: gesi ile ilikuwa jambo jema, na ningeinunua tena kesho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa ajili ya moshi wa majumbani, yaani kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa vinavyochomwa ndani kwa kupikia. Aliye karibu na figa ndiye anayeuvuta moshi huo, naye ni mama, pamoja na mtoto aliyebebwa mgongoni. Serikali yetu ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Mwenye kutetea jiko la kuni lililofungiwa katika kibanda kisicho na dirisha, naye mwenyewe hajapata kulipuliza, aende akalipulize juma moja, halafu tuzungumze.

Basi kikohozi kikapungua. Haikupita hata miezi mitatu, dada yangu anayekaa na mama akanipigia simu. Akaniambia, "Kaka, mama kifua kimepona, lakini amenyamaza."

Nilidhani ni uzee. Mwezi Desemba tulipokwenda wote kupumzika, sisi ndugu wanne na watoto wetu, ndipo nilipoyaona mwenyewe. Chakula cha usiku kiliiva kabla hatujamaliza kusalimiana. Kila mtu akapewa sahani yake. Vijana wakaingia ndani na simu zao, watoto wakaenda kwenye televisheni, kaka yangu mkubwa akaenda barazani kusikiliza habari. Mama akabaki jikoni akiosha vyombo, jikoni pasafi, pasipo moshi, naye yuko peke yake.

Zamani wali wa nazi na mchuzi wa samaki kwa kuni ulichukua saa mbili, ukihesabu na kukuna nazi. Katika saa mbili hizo hatukuwa na kazi nyingine ila kungoja. Njaa ilituweka pale. Mmoja anasukuma kuni, mwingine anatafuta kifuu, mtoto anapepea, babu kavuta kigoda chake. Mazungumzo yote niliyoyapata kwa wazee wangu niliyapata katika kungoja huko. Gesi imefuta moshi, na pamoja na moshi imefuta kungoja. Hakuna aliyekusudia liwe hivyo.

Tena moto una tabia zake ambazo taa ya umeme haina. Kwanza unataka kutunzwa. Ukiuacha unazima, kwa hiyo daima yupo mtu mwenye sababu ya kubaki. Pili, mwanga wake ni mdogo. Unafika hatua tatu au nne, basi. Nyuma yako kuna giza, na mtoto hataki kukaa gizani, hivyo anasogea. Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, moto unayapa macho mahali pa kukaa. Sisi tumelelewa kwamba mtoto hamkazii macho mzazi wake, mkwe ndiyo kabisa. Ukiwa sebuleni chini ya taa, uso kwa uso, neno zito linakwama kooni. Mbele ya moto wote mnatazama kuni. Mtu anaweza kusema jambo la miaka ishirini huku anachezea kaa kwa kijiti, na hakuna aliyemtazama.

Wako wataalamu waliolipima jambo hili. Mwaka 2014 mama mmoja mtaalamu wa mila za watu, Polly Wiessner, alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya Wajuhoansi, watu wa jangwa la Kalahari huko Botswana na Namibia, ambao kwa muda mrefu waliishi kwa kuwinda na kuokota matunda. Aliyapanga mazungumzo yao ya mchana na ya usiku. Mchana walizungumza zaidi habari za chakula na kazi, na malalamiko ya huyu kumlalamikia yule. Hadithi zilikuwa 6 tu katika kila mazungumzo 100. Usiku, penye moto, hadithi zilifika 81. Watu ni wale wale, na lugha ni ile ile. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kwamba sisi watoto tulikatazwa kuhadithiana mchana. Kwetu tulitishwa kwamba mwenye kutoa hadithi jua likiwaka ataota mkia. Siku hizi nadhani wazee walijua tu kwamba mchana una kazi zake.

Turudi Desemba. Usiku wa tatu umeme ulikatika, na mbu wakaja kama walioalikwa. Mdogo wangu akachukua makumbi ya nazi, akayawasha uani ili yafuke. Wenyeji wa pwani wanajua: kumbi haliwaki kwa mwali mkubwa, linakula polepole na kutoa moshi ambao mbu hawaupendi. Mtoto mmoja akatupia vifuu viwili, mwali ukapanda. Mwingine akaleta muhogo. Tulipogeuka, mama alikuwa amekwisha toka na kigoda chake, amekaa upande unakotoka upepo, moshi unakwenda kwa wengine. Miaka yote ya kuni imemfundisha mahali pa kukaa.

Walianza watoto kwa vitendawili. Mnajua sharti lake: ukishindwa unaombwa mji, utoe mji ndipo upewe jibu. Zamani tulitoa Pangani, Moa, Vanga, na mwenye ukarimu alitoa Mombasa. Hawa wa Dar es Salaam wakatoa Dubai na Kariakoo. Mama akatega cha kwake: "Mgeni wangu hana miguu, kichwa kimoja, akikasirika nyumba nzima inahama." Tukatoa miji yote ya Afrika Mashariki, tukashindwa. Jibu lake lilikuwa mtungi wa gesi. Kumbe miezi yote ile alikuwa anauogopa na hakutuambia!

Tulipomaliza kucheka, watoto wengine wamekwisha lala juu ya mkeka, kaka yangu mkubwa akasema maneno aliyozoea kuyasema, kwamba angalikuwa na chombo chake angalikuwa mtu mwingine, lakini marehemu baba aliiogopa bahari. Haya tuliyasikia tangu utoto. Baba alikuwa mvuvi, akaacha ghafla, akauza ngalawa, akashika jembe. Kijijini walimwita majina. Na sisi watoto wake, Mungu atusamehe, tuliyaamini majina hayo.

Mama alichokoa moto kwa muda. Kisha akasema, "Baba yenu hakuiogopa bahari. Alimwacha nduguye huko."

Akatueleza. Ilikuwa wakati wa kusi, kabla sijazaliwa. Baba na mdogo wake walipinduka, wakashika mti wa ngalawa tangu alasiri. Yule mdogo alikuwa ameumia. Baba alimshikilia usiku kucha, na karibu na alfajiri mikono yake ikakataa. Ngalawa iliokotwa asubuhi na wavuvi wengine, baba yumo, mdogo wake hayumo. Aliporudi alimwapisha mama kwamba mke wa marehemu asijue kuwa mumewe aliachiwa na mkono wa ndugu. Ajue kwamba bahari ilimchukua mara moja, bila mateso. Mama alitunza kiapo hicho hata yule mjane alipofariki, na hata baba alipofariki. "Sasa hakuna wa kumficha," akasema, "na ninyi mnamtukana."

Kaka yangu hakujibu. Aliinuka akaenda kuleta kuni ambazo hazikuwa zinahitajiwa, akakawia huko gizani. Aliporudi alikaa karibu na mama, na maneno yale ya baba na bahari sijayasikia tena kinywani mwake.

Nimejiuliza mara nyingi: umeme usingalikatika, habari hiyo ingalisemwa lini, na wapi? Jikoni penye gesi? Mbele ya televisheni? Mama ana miaka sabini na kitu.

Lakini sitawaficha upande wa pili. Usiku ule, watu walipoinuka kulala, mdogo wangu aliufukia moto kwa mchanga, akaridhika kwamba ameuzima. Asubuhi mtoto wa dada yangu, wa miaka minne, alikimbia peku kupita pale. Mchanga ulikuwa mweupe, hauna dalili yoyote. Chini yake makaa yalikuwa hai. Aliungua wayo, na kwa majuma mawili alibebwa. Dada yangu akatamka kwamba katika uwanja wake moto hauwashwi tena, na kwa siku mbili hakusema nasi vizuri. Alikuwa na haki. Kwa hiyo yanayofuata nayasema kama mtu aliyejifunza kwa mguu wa mtoto.

Mchanga hauzimi moto. Unaufunika, na makaa yaliyofunikwa yanakaa na joto kwa saa nyingi, wakati mwingine hadi asubuhi. Moto wa ufukweni au wa uani huzimwa kwa maji: mwaga, koroga kwa mti, mwaga tena mpaka uweze kuweka mkono wako juu bila kuuondoa. Ndoo ya maji iwe imekwisha jaa kabla kiberiti hakijawashwa. Pahali penyewe pawe mbali na paa la makuti, tena upande ambao upepo unaondoa cheche nyumbani. Kaskazi ya Desemba na Januari ni kavu na ina nguvu. Cheche moja juu ya kuti bivu haihitaji ya pili. Upepo ukivuma kwa nguvu, acheni, kesho ipo.

Usipange mawe uliyookota majini kuuzunguka moto. Mawe yetu ya pwani yana vitundu, yanakunywa maji, na maji yale yakichemka ndani jiwe hupasuka na kurusha vipande. Chupa za plastiki zisitupwe motoni. Watoto wanapenda kuziona zikijikunja, lakini moshi wake ni sumu. Na kuni zitoke mahali pa halali. Mikoko inawaka vizuri mno, wazee wetu waliipenda kwa joto lake, walakini mikoko ya bara ni msitu wa hifadhi na haikatwi bila kibali. Nyumba yenye minazi haina haja nayo. Karara kavu na makuti ya kuwashia, vifuu vya kutia joto, makumbi ya kuulaza moto watu wanapotaka kuzungumza taratibu, na tawi kavu la mwembe au mwarobaini la kuukalisha muda mrefu. Hivi vyote vinatupwa bure.

Cha kuchoma hakikosi. Wakati wa bamvua, maji yanakupwa sana kama saa nne hivi ya asubuhi, na mama zetu wanakwenda mwambani kuchokoa pweza. Jioni yake pweza apigwe mpaka alainike, abanikwe juu ya makaa, si juu ya mwali. Kibua anafaa. Mahindi yanafaa. Muhogo uwe ule mtamu mnaoujua shamba lake, maana ule mchungu una sumu ambayo kuuchoma mzima hakuiondoi.

Korosho nitaziweka mbali kidogo, ingawa najua nawaudhi wengi. Kila mwisho wa mwaka sisi watoto tulizichoma kwenye bati lililotobolewa matundu, tukizikoroga kwa mti mrefu, mafuta yanachuruzika na kushika moto, kisha tunazipindua mchangani na kuzigonga moja moja. Hakuna korosho ya dukani inayofikia ile. Lakini mafuta ya ganda la korosho yanachubua ngozi. Vidole vyetu vilibambuka kila msimu, na tuliona ni sehemu ya utamu. Moshi wake nao unauma macho na kifua. Mwenye kuzichoma azichome mchana, mahali pa wazi, watoto wakiwa mbali, kisha usiku azilete motoni zikiwa zimekwisha banguliwa. Kama ni mama mwenye kifua, basi hata huo mchana asiwe karibu.

Na huyo mama mwenye kifua, je, akae motoni? Nilimwuliza daktari, si kwa redio bali kwa mama yangu. Aliniambia kwamba moshi ni moshi, hata wa uani, ila kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeinamia figa ndani ya kibanda mara tatu kila siku na yule anayekaa uwanjani jioni moja moja, upande usiokwenda moshi. Akikohoa, ainuke. Sisi tumeweka desturi ya kuwasha mapema, makumbi yakafuka na kutulia, ndipo mama anapotoka.

Kuna jambo linanichekesha kidogo, na kunisikitisha kidogo. Ukienda Ushongo, kusini ya Pangani, au kule karibu na Hifadhi ya Saadani, utakuta hoteli za wageni zinawasha moto ufukweni jioni. Mzungu amelipa nauli ya ndege kutoka Ulaya, kapewa kiti mchangani, anatazama kuni zinavyoungua, na uso wake una raha. Kijana wetu anayemletea kinywaji amekulia kando ya moto kama huo, na leo akijenga nyumba yake ya bati atasakafia ua wote kwa saruji, asiachie hata mahali pa kuweka figa, ili asionekane mtu wa shamba. Lord Baden-Powell, aliyefanya kambi yake ya kwanza ya vijana kisiwani Brownsea mwaka 1907 na ambaye kaburi lake liko hapo jirani, Nyeri, Kenya, aliufanya moto kuwa sehemu ya malezi. Watu wa mijini wa dunia nzima wamekuwa wakifundishwa kwa vitabu na kwa fedha jambo ambalo sisi tunalifukia kwa saruji. Simlaumu kijana wa hoteli. Moto kwake ulikuwa kazi ya kutafuta kuni na macho mekundu ya mama yake. Hajapata kuuona ukiwa hauna kazi.

Nadhani hapo ndipo penyewe. Kwa wazee wetu moto wa kupikia na moto wa kukaa ulikuwa mmoja, na ulipokuja mtungi, tuliondoa wote wawili kwa mkono mmoja bila kujua. Sasa ule wa kukaa hautawaka wenyewe. Lazima mtu aseme: Jumamosi hii tunawasha. Simu ziwekwe ndani, na chakula kiliwe pale pale, hata kama kimepikwa kwa gesi.

Dada yangu alikubali siku ya Idi, kwa masharti. Ndoo mbili za maji, si moja. Mtu mzima mmoja ajulikane kwa jina kwamba ndiye mwenye moto, naye ndiye wa mwisho kulala. Asubuhi yake majivu yachotwe, yapelekwe kwenye migomba kabla mtoto yeyote hajafunguliwa mlango. Mtoto mwenyewe aliyeungua alikuja, akakaa mapajani pa bibi yake, mbali kidogo, akiwa amevaa viatu. Alitoa kitendawili ambacho hakuna aliyekielewa, wala yeye mwenyewe hakujua jibu, lakini alidai mji na akapewa Tanga yote.

Na kaka yangu mkubwa, ambaye si mtu wa simu, juma lililopita alinipigia. Mvua zilikuwa zimeanza. Alitaka kujua kama yule mdogo wetu amekwisha yahamisha makumbi kuyaweka pakavu.